Mikono ya Mke Wangu na Kiuno cha Fundi Cherehani

Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa imepita chini ya mikono ya mke wangu, isipokuwa mimi. Chumvi huwa naitia, watu wanaonijua watakuambia, lakini hili nalisema jinsi lilivyokuwa. Mtoto aliyezaliwa na shingo iliyopinda aliletwa kwetu kabla hajapewa jina. Vijana walioteguka mguu uwanjani walibebwa mgongoni na wenzao mpaka mlangoni petu. Wajawazito walikuja na viuno vyao, wachota maji walikuja na shingo zilizozama mabegani kwa uzito wa ndoo, na waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, waliingia wakitembea kama kaa. Wazee walileta magoti. Kulikuwa na mzee mmoja wa Fizi ambaye niliamini haumwi chochote. Alikuja tu kujilaza kwenye mkeka wetu, mtu amshike mabega na kumwuliza, "Papa, ulianguka wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la mke wangu kwa kila mtu, kabla hajamgusa. Ulianguka wapi. Wengi walianza kwa kusema hawajaanguka popote, kisha mikono ikifika mahali fulani chini ya bega wanakumbuka. Nilianguka kwenye mtaro, Uvira, siku tunakimbia. Nilianguka na mtoto mgongoni, tukishuka mlima. Walizungumza uso ukiwa umelala kwenye mkeka, na mke wangu alisikiliza kwa vidole. Vita vyote viwili vya Congo vilisimuliwa ndani ya chumba changu, nami nikiwa nje nachambua maharage. Jioni nikimwuliza fulani alisema nini, ananijibu, "Alisema mugongo inamuuma."

Mimi niliyemwoa kanisani mbele ya kwaya mbili ndiye nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na foleni haikusogea. Bibi yake aliyemfundisha kazi hii, kule milimani juu ya Uvira, alimpa sharti moja: usimkande aliyekuzaa, usimkande unayelala naye. Mkono unaopenda unabonyeza nusu. Ukibonyeza nusu, mfupa unakaa nusu.

Sharti hilo lilikuwa na shahidi, na shahidi aliishi nyumbani kwetu. Vita ya kwanza ilipoingia Uvira, mke wangu alikuwa bado msichana. Walikimbia kwa miguu kuelekea Fizi, na njiani mama yake akateguka kifundo. Msichana alikuwa tayari anajua kukanda. Akamkalisha mama yake kando ya njia, akashika kifundo, na mama akalia. Akalegeza mkono. Akajaribu tena, mama akalia tena, akalegeza tena. Watu walikuwa wanapita mbio. Ule mguu ulipona ukiwa umetazama nje, na tangu siku hiyo mama mkwe wangu akitembea utadhani mguu mmoja unakwenda Dowa na mwingine umeamua kwenda Mponela.

Kwetu mkwe haketi na mama mkwe, hali naye, na hata kumtazama usoni ni kukosa adabu. Desturi hiyo ilitungwa na watu wenye viwanja vikubwa. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya matofali ya udongo. Basi tulizungumza kupitia ukuta. Ukuta wenyewe haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila alichosema mama mkwe kilinidondokea kichwani kutoka juu, kama neno la nabii.

Mambo yangekaa hivyo miaka yote kama si fundi cherehani.

Alikuwa Mrundi, mrefu, mpole, hana mke, na cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya kibanda cha nyasi karibu na soko. Kuinama juu ya mashine asubuhi mpaka jioni kulimharibu kiuno. Alikuja kukandwa kila Jumamosi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata nyanya. Anasalimu kwa mikono miwili, anavua viatu, anaingia nyuma ya pazia la plastiki, na muda mfupi baadaye anaanza.

"Ayiwee. Hapo. Hapo hapo, mama. Hapo njo penyewe."

Mtu mzima. Nakwambia alilia kama mtoto anayeogeshwa maji baridi, na sauti ile ikatoka nje, ikapita soko, ikapita yale majengo ya zamani ya gereza lililokuwapo kabla ya kambi, na nina hakika wauza mahindi wa Mponela waliinua vichwa. Wengine nao waliguna, sikatai. Mzee wa Fizi aliguna. Lakini mzee wa Fizi aliguna kama mlango. Huyu aliguna kama mtu anayepewa kitu.

Mchana kazi yangu ilikuwa kwenda Mponela kununua mahindi na maharage ya kuuza kambini, na shule ya jioni ya watu wazima nilikuwa nimeimaliza, nikapata cheti changu cha Kiingereza ambacho nilikitundika mahali ambapo kila mgonjwa angekiona. Jumamosi ndiyo siku nzuri ya Mponela. Nikaacha kwenda Jumamosi. Nikasema maharage ya Jumanne ni matamu zaidi, na hakuna aliyeniamini, hata maharage yenyewe.

Jioni moja nikamwuliza, "Huyu mutu anapona lini?"

"Mugongo ya masini haiponaka haraka," mke wangu akasema.

"Na zile kelele?"

"Kelele njo inanionyesha fasi inauma. Mutu akinyamaza, nitajua namna gani?"

"Mafuta unamupaka mingi."

Tulikuwa tukitumia mafuta ya kupikia, yale ya msaada, kwa kuwa mawese ya kwetu hayakufika Malawi.

"Ulitaka nimukande na majivu?"

Kutoka juu ya ukuta ikashuka sauti ya mama mkwe. "Mukwe, kesho utakula mboga bila mafuta, na utashukuru. Wacha bantu bapone."

Huwezi kubishana na sauti usiyoruhusiwa kuitazama.

Kisha ikaja blauzi. Jumapili moja mke wangu alitoka chumbani kwenda kanisani amevaa blauzi mpya ya kitenge, mikono imevimba mabegani kama maandazi, na kiunoni imemkaa kama imemwagwa. Haikubana, haikupwaya. Kwaya nzima iligeuka. Nilimwuliza imetoka wapi, akasema fundi ameshona, ni shukrani ya kiuno.

Nataka unielewe. Shukrani nilikuwa nazijua. Watu walileta mihogo, kuku, sabuni. Lakini kuku hana vipimo. Nilikaa kwenye benchi la kanisa, mchungaji anahubiri juu ya upendo, na mimi kichwani nina swali moja tu: alimpima wapi? Utepe wa kupimia sikuwahi kuuona ukiingia nyumbani kwangu. Na kama utepe haukuingia, basi fundi yule alijua kwa kuangalia tu, na mtu anayejua mwili wa mke wako kwa kuangalia tu ameangalia kwa muda mrefu.

Sikuuliza. Niliuma meno. Niliyauma Jumapili hiyo, nikayauma wiki ile na wiki zilizofuata, mpaka maumivu yakaanza nyuma ya sikio, yakapanda kwenye panja, yakashuka shingoni. Asubuhi niliamka kichwa kimekaza kama ngoma iliyowekwa juani. Nikitafuna mkate, taya linalia kak, kak. Nikigeuka kumtazama mtu, nageuka mwili mzima, kama lori.

Basi nikamwendea mke wangu kama mgonjwa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akifuta mikono. Nikalala kifudifudi bila kuitwa.

"Shingo inaniuma," nikasema. "Niulize nilianguka wapi."

Nikasikia akisogea mbali, mpaka ukutani.

"Mi siwezi. Unajua siwezi."

"Fundi unamuweza."

"Fundi si bwana yangu."

"Na kama mi ningekuwa fundi?"

"Ungekuwa fundi ungeisha nishonea kintu."

Nililala pale nikijihesabu kuwa mtu pekee Dzaleka aliyelala kwenye mkeka ule bila kuguswa. Akaniambia niende dispensari. Dispensari walinipa vidonge vyeupe, vile vile walivyompa jirani aliyeumwa sikio, na mwingine aliyeumwa goti. Nikavimeza. Taya likaendelea kusema kak.

Shemasi mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa akienda Lilongwe mara kwa mara kwa kazi za kanisa, ndiye aliyenipa habari. Area 47, katika nyumba iliyo kando ya kanisa, kuna mama Mzungu anatibu kwa mikono. Hana sindano, hana vidonge. Kazi yake inaitwa osteopathi, na siku moja ya wiki anapokea watu bure.

"Ni sawa muke yako tu," shemasi akasema. "Lakini ule iko na meza."

Nitasema ukweli: shingo iliniuma, na nilitaka ipone. Lakini nilipokuwa naomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaoga, nikavaa shati la harusi, kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinapiga mluzi ndani yangu. Mke wangu alisimama mlangoni akaniangalia.

"Lopitali gani hii inaendewa na shati ya harusi?"

"Ni Mzungu," nikasema. "Anakanda na mikono."

"Mwanaume?"

"Mwanamuke."

Akarudi ndani. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu kuliko inavyohitaji sufuria.

Nilipanda kabaza mpaka barabara kuu, nikapata lori la viazi, na kabla ya saa sita nilikuwa Area 47, vumbi limenikalia mpaka kwenye kope. Chumba cha kusubiri kilinishangaza. Nilikuwa nimetegemea mambo ya Ulaya, nikakuta wagonjwa wa mke wangu. Sio wenyewe, lakini ndugu zao: mama mwenye kichanga kinacholia kikigeuzwa upande mmoja, mwanafunzi mwenye kifundo kilichovimba, mlinzi wa usiku aliyekaa upande mmoja wa kiti, bibi mmoja wa Kimalawi aliyeshika goti lake kama ameshika mfuko. Tuliambiana zikomo, zikomo, lile neno la Kichewa la shukrani na salamu, tukasubiri.

Mama yule Mzungu alikuwa na nywele nyeupe na viatu vya kawaida. Mwalimu wetu wa shule ya jioni alitufundisha kwamba Kiingereza kinataka kifua mbele, basi nikatanguliza kifua, nikaeleza taya, panja na shingo. Akaandika kidogo, akaniuliza kama nimewahi kuanguka.

Nilishtuka. Niliona kama mke wangu ameninong'onezea kutoka Dzaleka.

"Sijaanguka, mama," nikasema. "Nimeoa."

Akacheka, akanilaza chali juu ya meza. Alikaa nyuma ya kichwa changu, akaingiza mikono yote miwili chini ya kisogo, na akaiacha hapo. Hakubonyeza. Hakusugua. Nilisubiri aanze, nikasubiri, nikadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza, kwa vidole, kama mtu mmoja ninayemjua anavyosikiliza. Uzito wa kichwa changu ukaanza kumwagika mikononi mwake. Kisha akagusa taya, pande zote mbili, akaniambia nifungue mdomo taratibu. Likasema kak, likakimbilia kushoto.

"Unauma meno," akasema. "Pengine hata ukiwa umelala. Nani amekukasirisha?"

"Fundi cherehani."

"Alikuharibia suti?"

"Hapana, mama. Alishona vizuri mno."

Alinitazama, akaamua kutouliza zaidi. Akafanya kazi polepole kwenye shingo, kwenye mabega, chini ya mashavu. Nilipoketi, dunia ilikuwa imepanuka pande zote mbili. Niligeuza shingo kushoto nikaona dirisha, kulia nikaona dirisha jingine ambalo sikujua lipo. Akaniambia amelegeza alichoweza, ila misuli ya taya ni migumu na inahitaji kubonyezwa kila siku kwa siku kadhaa. Akanionyesha mahali penyewe, kwenye pembe ya taya.

"Mkeo anaweza kukufanyia?"

Nilicheka mpaka taya likalia tena.

Nilifika nyumbani jua likizama. Mke wangu alikuwa anapukuchua maharage ungoni. Nikaketi, nikageuza shingo huku na huku ili aone, nikaanza kusimulia. Hapo chumvi niliitia, sitakataa. Nilisema alinishika kichwa tangu asubuhi mpaka wakati wa chakula. Nilisema mikono yake ilikuwa ya joto kama mkate. Nilisema nilisahau jina langu, jina la kambi, na matokeo ya mtihani wangu wa Kiingereza.

Maharage yakaacha kuanguka ungoni.

"Alikushika wapi?"

"Kichwani. Hapa nyuma."

"Mikono yote mbili?"

"Yote mbili."

"Na kisha?"

"Kisha mashavuni."

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kimya cha mtu aliyeacha kupumua ili asikie vizuri.

"Mashavuni," mke wangu akarudia. "Mutu mwenye hajue hata mama yako. Na wewe ulifunga macho?"

Nilijaribu kukumbuka. "Ilijifunga yenyewe."

Akasukuma ungo pembeni. "Fungua kinywa."

Nikafungua. Taya likasema kak, dogo, la mwisho mwisho, lakini alilisikia. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hakumaliza," akasema. "Amekupapasa tu. Lala."

"Wapi?"

"Lala, nasema."

Nililala kwenye mkeka. Mkeka ule ule wa mzee wa Fizi, wa wachota maji, wa fundi. Akapiga magoti kichwani kwangu, akachovya vidole kwenye mafuta, mengi, nikayasikia yakidondoka. Nilifumba macho nikisubiri ule mkono niliousubiri tangu siku ya harusi.

Akabonyeza.

Rafiki yangu, nililia. Sijui niliita jina la nani. Kidole gumba chake kiliingia kwenye pembe ya taya, pale pale alipogusa yule mama, lakini yule mama aligonga mlango na huyu aliuvunja. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni. Nilishika mkeka kwa mikono yote miwili.

"Ayiwee," nikasema, mimi, mtu wa Uvira, kwa Kirundi. "Hapo, mama. Hapo hapo."

"Hapa njo alikushika?"

"Njo hapo."

"Na hapa?"

"Na hapo pia."

Alikwenda kila mahali ambapo yule Mzungu aligusa, akapafuta. Hakulegeza hata kidogo. Nilimtazama kutoka chini, uso wake ukiwa umepinduka juu yangu, mdomo umekazwa, na nikaelewa kwa nini mkono wake unaweza. Hakukuwa na huruma humo usoni hata ya kumpa kuku. Wivu ulikuwa umeila yote.

Ndipo sauti ikashuka kutoka juu ya ukuta.

"Mukwe."

"Ndiyo, mama," nikasema kwa shida, kidole kikiwa tayani.

"Ile blauzi, mi njo nilimupelekea fundi ile yake ya zamani, apime nayo. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Tangu siku zote hizo?"

"We ulikuwa unauma meno. Nikasema, acha aume, pengine atanyamaza juu ya mafuta."

Mke wangu alisimamisha kidole. "Blauzi gani? Njo blauzi ilikutesa?" Akaanza kucheka. Na alipocheka, nikasikia mkono ukilegea. Vidole vilivyokuwa chuma vikawa vya mtu anayeshika yai. Akajaribu kubonyeza tena, akashindwa, akafuta machozi yangu kwa nyuma ya mkono uliojaa mafuta, yakaniingia machoni na kunichoma.

"Imekwisha," akasema. "Siwezi tena. Amuka."

Jumamosi fundi alikuja na kola yake. Alisalimu kwa mikono miwili, akavua viatu, akaingia nyuma ya pazia, akaanza. Nilikaa nje natafuna mahindi ya kuchoma, kwa pande zote mbili za mdomo, bila sauti yoyote. Wivu haukwisha, nisikudanganye. Kila "hapo njo penyewe" iliponifikia, punje moja ya hindi iliumia kuliko zingine. Lakini nilijua sasa walichokuwa wanapewa watu nyuma ya lile pazia: mkono usiolegea. Nilikuwa nimekipata mwenyewe, na sikukitamani tena.

Miezi baadaye nilibeba gunia vibaya Mponela, shingo ikakaza. Nikaja, nikalala kwenye mkeka. Mke wangu alikuja akapiga magoti, akaniuliza nilianguka wapi, nikamwambia. Akaweka mikono, akaitoa, akaiweka tena.

"Ulienda tena kwa ule Muzungu?" akauliza, kama mtu anayeomba msaada.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akapumua. "Basi siwezi," akasema. "Nakuonea huruma."

Nikamwambia sawa. Nilibaki na shingo imekaza wiki nzima, nikigeuka kama lori, na watu walioniona nikitabasamu njiani walidhani ni sehemu ya ugonjwa.